Tororo 1972: Nani Anahesabiwa Kuwa Familia Yako?



Ndugu wasomaji, vijana wetu wa Tororo, Malaba na Busia wanapopata nafasi ya masomo au kazi ng'ambo, swali la kwanza nyumbani huwa ni nauli. Swali la pili huchelewa kuulizwa, nalo ni hili: mke, watoto na wazee je, watafuata? Na ni nani mwenye kuamua kwamba fulani ni familia yako? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilianzia hapa hapa kwetu.

TANGAZO LA KAMBINI

Siku ya Ijumaa, tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin alizungumza na wanajeshi katika kambi ya Tororo. Hapo ndipo alipotangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza ni mzigo wa Uingereza, na kwamba ni lazima waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Siku chache baadaye amri hiyo iliwagusa pia raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Siku ya mwisho ikawa tarehe 8 Novemba.

Miongoni mwa waliotakiwa kuondoka walikuwamo Wahindu, Masingasinga na Waislamu wengi: Ismailia, Ithnaasheri, Bohora na Sunni. Walikuwa wenye maduka, mafundi, makarani na walimu katika miji kama Tororo, Mbale, Jinja na Kampala. Wengi wao walizaliwa Uganda na hawakuwahi kuiona Uingereza wala India.

NYUMBA MOJA, PASIPOTI TATU

Ili kuelewa yaliyowapata, turudi nyuma kidogo. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, familia nyingi za Kiasia zilitakiwa kuchagua uraia. Wengine waligawana: baba akachukua uraia wa Uganda ili apate leseni ya biashara bila taabu, mtoto mkubwa akabaki na pasipoti ya Uingereza, na mama akawa na ya India. Kwa wakati ule ilionekana ni busara, kwani mlango mmoja ukifungwa mwingine ungebaki wazi.

Lakini aliyeomba uraia wa Uganda alitakiwa kuukana ule wa Uingereza kwa muda maalumu. Mwaka 1972 maofisa walipokagua karatasi, wengi waliambiwa kwamba walichelewa, hivyo si raia wa Uganda. Na kwa kuwa Uingereza nayo walikwisha kuikana, wakajikuta hawana nchi kabisa.

MLANGO WA UINGEREZA

Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kupunguza mlango. Mwaka 1968, Waasia wa Kenya walipoanza kuhama kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa haraka sheria iliyomzuia mwenye pasipoti ya Uingereza asiingie nchini humo kama yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa kule au hakupata uraia wake kule. Mahali pake ukawekwa mpango wa vocha: vocha 1,500 kwa mwaka, zikapandishwa kuwa 3,000 mwaka 1971.

Vocha hiyo alipewa mkuu wa familia peke yake. Mkewe na watoto wake wadogo waliingia kwa kivuli chake. Ama mwanamke aliyeolewa, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na mumewe hana, kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa familia, isipokuwa awe mjane, ameachwa, au mumewe hajiwezi.

Tamko la Tororo lilipotoka, utaratibu wa vocha haukuweza kukidhi haja. Uingereza ilipokea watu zaidi ya 27,000 kwa muda mfupi, na wengi wao wakapelekwa kwanza kwenye kambi za zamani za jeshi. Kanada ilichukua maelfu kadhaa. Lakini ile kanuni ya mkuu wa familia haikufa. Wanawake wenye pasipoti ya Uingereza waliruhusiwa kuingia na watoto wao, na waume zao wasio na nchi wakazuiwa. Waume hao walichukuliwa na Umoja wa Mataifa, wakapelekwa kwenye vituo vya muda Austria, Italia, Malta, Hispania na Ubelgiji. Hivyo, mke na watoto London, baba kambini Italia, na hakuna aliyetoa talaka!

Ni mwaka 1974, baada ya serikali ya London kubadilika, ndipo kizuizi cha waume kilipolegezwa. Kikarudishwa tena baada ya miaka michache. Wanawake watatu, mmoja wao mzaliwa wa Malawi, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kudai waume zao waruhusiwe kuishi nao, na mwaka 1985 wakashinda: mahakama ilisema kumruhusu mwanamume alete mke na kumnyima mwanamke alete mume ni ubaguzi. Serikali ikajibu kwa kusawazisha, lakini namna gani? Badala ya kuwapunguzia wanawake masharti, iliwaongezea wanaume. Mpango wa vocha wenyewe ulifungwa mwaka 2002.

FAMILIA YETU NA FAMILIA YA VIZA

Hapa kuna somo kubwa kwetu. Kwa viza, mtegemezi kwa kawaida ni mume au mke, na watoto walio chini ya miaka 18. Kwetu sisi, wazazi wasiojiweza wana haki ya nafaka juu ya mtoto wao mwenye uwezo. Yatima wa ndugu yako unayemlea ni amana shingoni mwako, lakini hutambadilisha ubini wake ili aonekane umemzaa, kwani Qur'ani imekataza. Ofisi ya viza haioni malezi. Inataka hati ya mahakama au cheti. Na mwenye wake wawili ajue kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 ilimfungia mlango mke mwingine pale ambapo mwenzake amekwisha kutangulia.

Milango inaendelea kubadilika. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wanaoanza masomo Uingereza hawaruhusiwi kuleta wategemezi, isipokuwa wale wa shahada za utafiti na wachache wengine. Machi 2024 waliokwenda kwa viza mpya ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa nao walikatazwa. Basi kijana asimwahidi mkewe kuwa "utanifuata" kabla hajasoma masharti ya mwaka huo huo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ndoa iandikishwe. Uganda ina sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu tangu mwaka 1906, hivyo hatuna udhuru. Pili, watoto waandikishwe wanapozaliwa, na jina liandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Mtoto akiwa Muhammad kwenye cheti, Mohamed shuleni na Mudi kwenye kadi ya kliniki, kwa karani wa ubalozi hao ni watoto watatu. Tatu, anayelea yatima atafute hati ya ulezi mahakamani mapema. Nne, mume na mke wakae chini pamoja na wazee waulizane: kama viza haitawachukua wote, nani atabaki, kwa muda gani, na nafaka itafikaje?

Sisi wa mpakani tumezoea mambo mepesi. Mpaka huu ulipitishwa katikati ya jamaa, Wasamia na Waiteso wako pande zote mbili, na tangu 2014 Mganda na Mkenya huvuka kwa kitambulisho tu kwenda kuzika au kuoza. Tusidhani dunia yote iko hivyo. Waliofukuzwa mwaka 1972 walikuwa na siku 90 tu za kupanga nani aende na nani. Anayesafiri leo kwa hiari yake ana muda mrefu zaidi, basi autumie.

Allah azikutanishe familia zilizotengana. Amin.

Wabillahi tawfiq.