Bawabu Mpya na Daftari la Zamani

Somo la leo ni habari ya kompyuta za ofisini.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Siku hizi ofisi huunganisha kompyuta nyingi, na mojawapo, iitwayo seva, huwa kama bawabu. Bawabu huyo hutunza daftari la majina na maneno ya siri. Karani asiyemo daftarini hafunguliwi.

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa programu iitwayo Windows NT. Katika mpango ule bawabu mkuu alikuwa mmoja tu. Wasaidizi walikuwa na nakala ya daftari, lakini hawakuweza kuandika jina jipya. Mkuu akiharibika, karani mgeni alingoja mpaka msaidizi apandishwe cheo. Mwaka 2000 ukaja mpango mwingine: kila bawabu aliweza kuandika, kisha akawapasha habari wenzake.

Basi, ofisi ibadilishapo seva, haimwondoi mzee kwanza. Mpya huletwa, hunakili daftari lote, hukabidhiwa madaraka, hujaribiwa. Ndipo mzee hupumzishwa. Ofisi ikizima seva yake ya pekee kabla ya kunakili, kesho yake makarani watafungiwa nje, na hati za mishahara zitalala.

Swali la kujibu daftarini: Kwa nini bawabu wa zamani asiondoke kabla ya mpya kunakili?

Kwaherini.