Fistula: Tiba ilikuwepo Msasani, nauli haikuwepo

Mwaka 2009 upasuaji wa fistula ya uzazi ulikuwa unatolewa bure katika hospitali ya CCBRT, Msasani, wilayani Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Madaktari walikuwepo, wagonjwa ndio hawakufika. Mama aliyevuja mkojo usiku na mchana huko mikoani hakuwa na nauli ya basi, na wengi hawakujua kwamba ugonjwa huo unatibika.

Ni ugonjwa wa kale. Henhenit, mwanamke wa jumba la kifalme la Misri, alifariki miaka 4,000 hivi iliyopita. Mwili wake uliokaushwa ulipochunguzwa, ulikutwa na fistula.

Chanzo ni uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga na kukandamiza kibofu kwenye mfupa kwa saa nyingi, pengine siku mbili. Damu haipiti, nyama inakufa, na siku chache baadaye panabaki tundu. Mkojo hutoka wenyewe, wakati mwingine hata haja kubwa. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa, na mama hurudi nyumbani na misiba miwili.

Tiba yenyewe ina historia chungu. Katika miaka ya 1840 huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake weusi watumwa, wakiwemo Anarcha, Lucy na Betsey, bila nusukaputi. Wanawake wa leo wanaopona wana deni kwa hao watatu. Mwaka 1974 madaktari Reginald na Catherine Hamlin wakafungua hospitali ya fistula Addis Ababa, Ethiopia.

CCBRT ilianzishwa mwaka 1994 kuwahudumia watu wenye ulemavu, na baadaye ikaingia kwenye fistula. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, hospitali iliona njia. Wahudumu wa afya na wanawake waliopona wakawa mabalozi vijijini. Balozi akimpata mgonjwa, hupiga simu Msasani. Nauli hutumwa kwenye simu ya balozi, naye huitoa kwa wakala, humkatia mama tiketi na kumpandisha basi. Mama akifika salama, balozi hupewa ahsante yake. Idadi ya waliotibiwa ikapanda.

Lakini kuziba tundu ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni kulizuia. Tangu 2010 CCBRT imeshirikiana na hospitali za serikali jijini, zikiwemo Temeke, Mwananyamala na Amana, kuwajengea wakunga uwezo. Silaha yao kubwa ni karatasi moja: patografu, ambayo Philpott na Castle waliiboresha Rhodesia mwaka 1972. Mkunga huchora jinsi njia inavyofunguka. Alama ikivuka mstari wa hatua, mama hapaswi kusubiri tena.

Nchi imesogea. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022.

Ulaya na Marekani karibu zimeisahau fistula hasa kwa sababu upasuaji wa kujifungua uliwafikia karibu wanawake wote kwa wakati. Nauli ya M-Pesa imewaokoa walioumia tayari. Binti wa Temeke au Kigoma anayepata uchungu leo anastahili chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku kucha, na gari la kumfikisha kabla saa hazijapita.