Tulihama au Tulihamishwa: Kauli za Mzee Mmoja wa Bonde la Rufiji

Wajuzi wa historia wanapokwenda vijijini hutaka kwanza kupewa mwaka. Mzee wa kijijini aghalabu hana mwaka wa kuwapa. Anazo gharika, njaa, kodi na vita. Mkulima mmoja wa bonde la Rufiji, ambaye kwa ombi lake hatajwi jina hapa, alipoulizwa alizaliwa lini alijibu kuwa ni katikati ya vita vya Hitla, wakati baba yake akilima pamba bondeni. Vita vya Mjerumani kwake ni vingine: ni vya bibi yake, mzaa baba, naye huvisimulia kana kwamba ni vita vimoja, ilhali ndani yake mna Maji Maji iliyoanza mwaka 1905, na mna vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo manowari Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya mto huo mwaka 1915. Bibi hakuona haja ya kuvitenganisha. Kwake yeye vyote viwili vilikuwa ni kukimbilia porini na kurudi kukuta ghala tupu.

Si kusudi la makala haya kuzipanga tarehe hizo. Kazi hiyo imekwisha kufanywa, tena vema, tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya masimulizi ya wazee wa Maji Maji mwaka 1968. Ninalotaka kulisema ni dogo zaidi, nalo ni hili: sehemu kubwa ya ushahidi wa mzee imo katika sarufi yake, na mnukuzi anayeisahihisha sarufi hiyo huufuta ushahidi.

Tulitazame kwanza neno Operesheni. Msomi aliyesoma kwamba mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuishi vijijini kuwa amri, na kwamba kazi yote ilitakiwa iwe imekwisha mwaka 1976, atalisikia neno hilo kinywani mwa mzee na kuandika 1974. Katika Rufiji atakuwa amepotea. Huko gharika kubwa ilishuka mwaka 1968, na mwaka 1969 watu walitolewa bondeni wakawekwa katika vijiji vya nchi ya juu, miaka minne kabla ya amri ya nchi nzima. Mzee hatamki mwaka, lakini husema “Operesheni ya baada ya maji”. Maneno hayo yanatosha.

Sasa tuingie katika sarufi yenyewe. Kila anapoisimulia habari hii mzee husema, “Serikali walikuja.” Hasemi “ilikuja”, wala si kwa kutojua ngeli, jembe lake huvunjika na nyumba yake huvuja kwa upatanisho usio na kasoro. Walakini nimeona nakala za masimulizi ya aina hii ambamo kila “walikuja” imegeuzwa “ilikuja”, pengine kwa wino mwekundu. Mnukuzi amefuata kitabu cha sarufi. Lakini mzee aliwaona watu: waliokuja na gari, wakakaa kivulini, wakahesabu kaya. Katika kauli yake serikali ina miguu, na ina watu wanaoweza kuulizwa jambo. “Ilikuja” haina wa kuulizwa.

Kitenzi nacho ni vivyo hivyo. Katika maandishi ya kiserikali wananchi “walihamia” vijijini. Mzee hasemi hivyo hata mara moja. Husema “tulihamishwa”, na katika neno hilo fupi mna viambishi viwili vyenye kazi: -ish- inayomleta mwenye kusababisha, na -w- inayomficha. Nilipomwuliza nani aliwahamisha alicheka, akasema, “Mwanangu, si nimekwambia serikali walikuja?” Wala tusidhani kwamba neno hili ni la lawama tupu. Mzee huyo huyo huisifu shule waliyoipata juu, ambako watoto wake wote walisoma, na huikumbuka gharika kwa hofu ya kweli. Anachokataa ni kusemewa kwamba alitaka.

Tena kuna kwenda mashambani. Nyumba zilipanda juu, mashamba yakabaki bondeni, kwa kuwa kilimo cha mlau, yaani kile kinachofuata maji yanapopungua, hakiwezekani penginepo. Mahindi, kunde na pamba ya Warufiji vilitegemea tope lile. Kwa hiyo mkulima alilala tena shambani, katika dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, akilinda mimea na nguruwe na viboko. Safari ile mzee huiita “kushuka”. Nilitazamia aseme “kurudi”, lakini kurudi amelihifadhia jambo jingine: hutumia neno hilo anapopazungumza mahame, mahali palipokuwa na nyumba ya baba yake, panapojulikana leo kwa miembe na makaburi. Huko ndiko anakokuita “kwetu”. Kijiji alichokaa zaidi ya miaka hamsini hukiita “hapa”.

Siasa ameigusa kidogo tu. Uchaguzi wa mwaka 1965, ambao Bibi Titi Mohamed alikosa kiti chake cha Rufiji, anaukumbuka kwa alama mbili za wagombea, jembe na nyumba. Alitia alama ipi? Alinijibu kwamba waliambiwa kura ni siri, na hakuna aliyewaambia baadaye kwamba siri hiyo imekwisha.

Mwezi Aprili 2024 maji yaliifunika tena Rufiji. Safari hii mtoni palikuwa na Bwawa la Julius Nyerere, lililokuwa limekwisha kuanza kutoa umeme mwezi Februari mwaka huo, na mabishano juu ya maji hayo yametoka wapi yalifika mpaka vijijini. Mzee hakuingia katika mabishano. Alisimulia jinsi vijana waliokuwa katika madungu walivyopanda juu na mikeka na kuku wao, akasema “walihama”, bila -ish- na bila -w-. Nikamwuliza kama walishuka tena. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akasema kwamba maji yalipopungua tu walishuka, kwani mbegu ya mlau haingoji kikao.