Tombo-magamba

Tombo-magamba (Callipepla squamata) ni ndege wa ardhini aishiye katika nyika kavu na majangwa ya Amerika ya Kaskazini. Kitovu cha makao yake ni jangwa la Chihuahua; hupatikana Arizona, New Mexico, Colorado na magharibi ya Texas nchini Marekani, hadi katikati ya Meksiko. Anashabihiana na tombo wa Afrika, lakini ukoo wao ni mbali, kwani yeye ni wa familia ya Odontophoridae, ambayo ndege wake wengi ni wa bara la Amerika.

Jina lake limetokana na manyoya. Kila unyoya wa shingoni na kifuani ni wa kijivu-samawati wenye ukingo mweusi, na yakilaliana utadhani ni magamba ya samaki. Kishungi chake kina ncha nyeupe kama pamba iliyopasuka. Ana urefu wa sm 25–30 na uzito wa karibu gramu 200. Dume na jike wanakaribia kufanana.

Akishtuka hutimua mbio, akipenya katikati ya vichaka na dungusi; kuruka ni pale tu anapobanwa, tena masafa mafupi. Kundi likitawanyika huitana kwa sauti ya vipande viwili, ambayo watu wa Texas huisikia kama jina la mto wao Pecos. Jua la mchana hulikwepa chini ya miti ya miskiti, jamaa wa ule mathenge uliotapakaa Baringo nchini Kenya, na hata chini ya mashine kuukuu zilizotelekezwa mashambani.

Maisha yake yote yamo mikononi mwa mvua. Ikinyesha vizuri, majani huchipua na wadudu huongezeka, nao wadudu ndio chakula kikuu cha vifaranga wachanga. Wazazi wao hula zaidi mbegu. Jike hutaga mayai 12 hivi katika kishimo chenye kina kifupi chini ya kichaka, na kuyatamia huchukua siku 21 hadi 23. Vifaranga huanguliwa wakiwa na malaika na huondoka kiotani mapema kuwafuata wazazi. Mwaka wa ukame, tombo wengi hawatagi kabisa, na idadi yao huporomoka.

Spishi hii haimo katika hatari ya kutoweka. Hata hivyo, pale mifugo inapoachwa imalize nyasi, ndege huyu hupoteza mbegu, wadudu na maficho yake kwa mpigo, na mvua ijayo humkuta hana pa kutagia.