Benchi la Umma na Mti wa Ngoma

Neno letu baraza lina maana mbili zilizoshikana. Ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kama vile vinavyoonekana hadi leo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni pia mkutano wa watu wanaoshauriana. Neno moja limebeba kiti na mazungumzo kwa pamoja.

Hapa Burundi fikra hiyo si ngeni. Bashingantahe, wazee wapatanishi wa milimani, walikaa kwanza, wakasikiliza, ndipo wakaamua. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka taasisi yao irejeshewe heshima. Kwa hiyo, siku utakapokabidhiwa benchi bovu la bustani katika kazi za pamoja za Jumamosi, usidhani ni kazi ya misumari tu. Unatengeneza mahali pa raia kukutania.

Swali la kwanza litakuwa: mbao gani? Wazee wetu walilijibu kwa njia yao. Ngoma za kifalme, ambazo ngoma na uchezaji wake viliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, hazikuchongwa kwa gogo lolote lililokuwa karibu. Zilichongwa kwa umuvugangoma, mti ambao Kiswahili huuita mringaringa, na ambao jina lake la Kirundi husema kuwa ndio unaoipa ngoma sauti. Kazi ndiyo iliyochagua mti, wala si bei wala haraka.

Zama za ukoloni zilileta desturi nyingine. Mikaratusi, miti yenye asili ya Australia, ilienezwa milimani kwa sababu hukua upesi na kutoa kuni na nguzo. Si mti wa kulaumiwa, kwani umepikia vizazi na kuezekea nyumba nyingi. Lakini mkaratusi uliokatwa ukiwa mchanga hupasuka na kujipinda unapokauka, na sehemu yake kubwa ni mbao changa ya nje. Ukiutumia kwa benchi la nje, huenda ukarudi na nyundo baada ya misimu michache.

Elewa sababu. Mbao ina maadui wawili wakubwa: mchwa na ukungu. Ukungu hauli mbao kavu. Huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Ndiyo maana mguu wa benchi huoza kwanza pale unapogusana na udongo, penye maji na hewa kwa pamoja. Pia kila mti una sehemu mbili: mbao ya nje, nyeupe, yenye chakula cha wadudu; na kiini, chenye rangi iliyokolea, ambacho katika miti kama mvule na msaji kina kinga ya asili. Fundi akikuambia kuwa mbao yake ni mvule, mwombe akuonyeshe kiini. Mvule mweupe si kinga.

Hata hivyo, hapa ndipo penye mtihani wa uraia. Miti inayodumu hukua polepole. Msitu wa Kibira, uliokuwa mawindo ya wafalme na ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1980, ni chanzo cha mito yetu mingi. Huko Panama, Novemba 2022, mataifa yalikubaliana kuidhibiti biashara ya kimataifa ya jamii za mninga na mbambakofi za Afrika. Benchi zuri la wananchi halistahili kutengenezwa kwa mbao iliyoibwa msituni. Mwenye kukaa juu yake angekuwa amekalia maji ya wajukuu wake.

Basi, fanya hivi. Kabla ya kununua, kwangua benchi la zamani: mara nyingi kiini chake bado ni kizima, na ni miguu na kingo tu zilizooza. Badilisha hizo pekee. Tumia msaji wa mashamba ya kupandwa au kiini cha mringaringa, na uliza mbao zimetoka wapi. Ziache zikauke vizuri kabla ya kuunga. Inua miguu juu ya mawe, acha nafasi kati ya mbao ili maji yapite, na upake mafuta kwenye ncha zilizokatwa, kwa kuwa ndiko maji hunyonywa zaidi.

Kisha, Jumamosi hiyo hiyo, panda umuvugangoma mmoja karibu na benchi. Hutaupasua mbao wewe. Lakini watakaoukalia uvuli wake, wakibishana kwa amani kuhusu mtaa wao, watajua kuwa waliotangulia waliwafikiria.