Mcheza Kwao Hutunzwa: Bei ya Muziki na Wasikilizaji wa Nyanda za Kati

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Siku hizi methali hii hutumiwa kumsifu yeyote aliyefanya jambo jema mbele ya watu wake, lakini asili yake ni uwanja wa ngoma. Humo mchezaji hodari alitunzwa na wale waliomtazama, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Tunzo hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya muziki, nayo ilitoka mkononi mwa msikilizaji ikaingia mkononi mwa mwimbaji bila ya kupitia kwa mtu mwingine.

Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi bei hiyo ilivyobadilika katika nyanda za kati za nchi yetu, tangu zama za uwanja wa ngoma hadi zama hizi ambapo wimbo hupakuliwa kwa simu, na jinsi wasikilizaji walivyoipokea kila ilipopanda. Tutaonyesha kwamba bei ilipopanda watu hawakuacha kusikiliza, bali walitafuta njia ya kusikiliza pamoja. Tutaonyesha pia kwamba malalamiko yao, tangu zamani hadi leo, yameelekezwa kwa chombo kinachobeba wimbo, na si kwa wimbo wenyewe. Jambo hili lina neema yake na lina hasara yake, na hasara hiyo humwangukia mtunzi.

Bei ya uwanjani

Wagogo ni watu wa muziki. Zeze, marimba, filimbi na njuga ni vyombo vilivyowaletea sifa, na uimbaji wao wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana umewashangaza wataalamu wa nchi nyingi. Muheme, ngoma ipigwayo na wanawake, ni kielelezo kingine cha ufundi huo. Nyimbo ziliimbwa katika jando, katika mavuno, katika maombi ya mvua na katika kazi za pamoja.

Mwenye shughuli aliyewaalika waimbaji hakuwauliza bei. Aliwapikia ugali wa mtama au wa uwele, akawaandalia pombe, na kama alijaliwa, akachinja. Mwaka wa njaa, na katika nchi hii kavu miaka ya njaa haikuwa michache, shughuli zilipungua na tunzo zikapungua pia. Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyezuiwa kusikia kwa sababu ya ufukara. Aliyesimama pembeni ya uwanja alisikia sawasawa na aliyekaa kitini. Tabia hii ya kuuona muziki kuwa ni mali ya wote waliopo ndiyo msingi wa yote tutakayoyaeleza hapa chini.

Santuri na redio

Biashara ya muziki uliohifadhiwa ililetwa na santuri. Sahani za santuri ziliuzwa mijini, na mashine ya kuzichezea ilikuwa mali ya watu wachache wenye kipato. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, Wagogo wakiwamo, na rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini mpaka leo. Hivyo sauti za waimbaji wa Ugogo zilisafiri mbali, ilhali wengi wa wakulima na wafugaji waliozitoa hawakuwa na mashine ya kuzisikilizia.

Redio ndiyo iliyopunguza tofauti hiyo. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya Uhuru yakawa chombo cha kujenga taifa. Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na redio ikapewa kazi ya kuwafanya Watanzania wazisikie ngoma za wenzao. Lakini redio nayo ilikuwa na bei. Kwa mkulima wa mtama na karanga kuinunua lilikuwa jambo la kuweka akiba muda mrefu, pengine la kuuza mbuzi au ng'ombe.

Wananchi walifanya nini? Walisikiliza kwa pamoja. Redio moja ilihudumia nyumba nyingi, nayo jioni ilitolewa nje na kuwekwa juu ya kigoda ili majirani wasikie. Serikali iliiona tabia hiyo ikaitumia. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 takriban watu 2,000,000 nchini kote walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana. Katika vijiji vya ujamaa vya Mkoa wa Dodoma, vilivyoanzishwa katika Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, majirani walikuwa karibu kuliko zamani, na kwa hiyo redio moja iliweza kufikia masikio mengi zaidi. Chamwino, mahali ambapo Mwalimu mwenyewe alifanya kazi ya mikono pamoja na wanakijiji, ni mfano mmoja wa vijiji hivyo.

Betri na kanda

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Bei ya mafuta ya dunia, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilifanya bidhaa ziadimike madukani. Betri zilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo. Zilipopatikana, ziliuzwa kwa bei ya kuruka. Wasomaji wenye umri wanakumbuka jinsi betri zilizochoka zilivyoanikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, na jinsi redio ilivyofungwa mara tu baada ya taarifa ya habari, ikafunguliwa tena saa ya muziki. Hakuna aliyesema wimbo umekuwa ghali. Lililosemwa ni kwamba betri zimekuwa ghali.

Kanda zilipoenea katika miaka ya 1980, msikilizaji alipata uwezo ambao hakuwa nao kabla: uwezo wa kunakili. Mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kutoa kanda nyingine kwa gharama ya kanda tupu tu. Soko lilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka hiyo, wafanyabiashara waliingia katika kazi hiyo kwa wingi, na kanda zisizo na kibali cha watunzi zikauzwa katika magulio, stendi za mabasi na minada ya mifugo. Tofauti kati ya jirani aliyemnakilia jirani yake na mfanyabiashara aliyenakili maelfu ni kubwa, nasi hatuna budi kuitambua. Wa kwanza aliendeleza desturi ya uwanja wa ngoma. Wa pili aliugeuza uwanja kuwa duka, asimlipe mchezaji.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilifuatwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyozaa Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa juu ya bidhaa za muziki na filamu ili halali ijulikane. Lakini wakati stempu inafika, wimbo ulikuwa umekwisha kuanza kuiacha sahani na kuhamia katika simu, na juu ya wimbo wa simu hapana pa kubandika stempu.

Nyimbo za simu na bando

Yafaa hapa tutazame kidogo mambo yaliyotokea ng'ambo, maana ndiko biashara hii ilikoanzia. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka la nyimbo za kupakua, kila wimbo kwa senti 99 za dola. Mwezi Aprili 2009, kwa kusukumwa na makampuni ya kurekodi, nyimbo nyingi zilizopendwa zilipandishwa hadi dola 1 na senti 29, yaani ongezeko la karibu asilimia 30. Wanunuzi walinung'unika, na mapema mwaka 2010 kampuni ya Warner Music ilieleza kwamba kasi ya ukuaji wa mauzo yake ilikuwa imepungua baada ya bei kupanda. Kule mnunuzi alimlalamikia muuzaji wa wimbo. Aliuona wimbo kuwa bidhaa yenye bei yake, akaipima bei hiyo.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Nyimbo zilifika vijijini kwa njia ya vibanda ambamo kijana mwenye kompyuta aliingiza nyimbo katika memori kadi au flashi kwa malipo madogo, mamia kwa mara moja. Baadaye zikaja tovuti na programu za simu kama Boomplay, na wimbo ukapatikana bure au kwa fedha kidogo. Gharama iliyobaki ni bando, nayo ndiyo iliyochukua nafasi ya betri ya zamani.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo mwanafunzi aweza kuifanya mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka bei elekezi ya data kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Wimbo wa megabaiti 5 kwa hiyo humgharimu msikilizaji kati ya shilingi 10 na shilingi 47 za njia peke yake, kabla mtunzi hajapata kitu. Video ya megabaiti 50 humgharimu kati ya shilingi 100 na shilingi 470 hivi. Kwa mfanyakazi wa mshahara kiasi hiki ni kidogo. Kwa kijana anayengoja mavuno ya alizeti ili ashike fedha, ni jambo la kufikiriwa.

Ndipo ikaja tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu. Wananchi waliamka wakakuta vifurushi vipya vya simu, na fedha ile ile waliyoizoea ikinunua data chache kuliko jana yake. Kilio kilienea nchi nzima. Siku hiyo hiyo Serikali, kupitia wizara iliyokuwa chini ya Dkt. Faustine Ndugulile, ilisimamisha utaratibu huo mpya na kuagiza vifurushi vya awali virejeshwe. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Julai 2021, ilianza tozo ya miamala ya simu ya shilingi 10 hadi 10,000, na hiyo nayo ilipingwa mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Mwaka 2022 malalamiko ya bando yalisikika tena.

Mambo haya yanatufundisha kwamba sauti ya wasikilizaji ina nguvu. Wakulima, wanafunzi na madereva walisema neno moja kwa wakati mmoja, na jibu likaja kabla jua halijachwa. Na wale ambao bando liliwashinda walifanya kama baba zao: mmoja alipakua, akawarushia wenzake nyimbo kutoka simu hadi simu chini ya mti, bila gharama.

Nani hulipwa?

Lakini tujiulize: katika kilio chote hicho, nani alimtaja mwimbaji? Bando liliposhuka, mwimbaji hakuongezewa kitu. Lilipopanda, nyimbo zake zilinakiliwa zaidi, asipate kitu vilevile. Msikilizaji hulipa betri, kanda tupu, vocha na tozo, na kwa kuwa amelipa hivyo vyote, huona moyoni mwake kwamba amekwisha kuulipia muziki. Kumbe amelipa nauli, abiria bado hajapewa chake.

Tazameni mfano wa marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika Mkoa huu wa Dodoma, aliyefariki dunia mwaka 2003. Alilipiga zeze na marimba hata akajulikana dunia nzima, na mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Mgeni aliyetaka kuisikia alilipa kwa paundi, na bei yake ilijulikana. Muziki huo huo nyumbani hatujaupa bei, na kitu kisichopewa bei ni rahisi kudhaniwa hakina thamani.

Hatusemi kwamba wimbo ufungiwe ndani ya kabati la wenye fedha. Hilo lingekuwa kinyume cha desturi yetu. Tunasema kwamba desturi yetu ilikuwa na pande mbili: wote wasikie, na mchezaji atunzwe. Tumeushika upande wa kwanza kwa nguvu, wa pili tukauachia njiani. Yapo majaribio ya kuurudisha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 juu ya baadhi ya vifaa vya kurekodia na kunakilia, ili sehemu ya bei ya chombo imrudie mtunzi. Na pale Chamwino, Kituo cha Sanaa kilichoasisiwa na Dkt. Kedmon Mapana kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Wagogo, ambako vikundi vya vijiji mbalimbali huimba mbele ya watu wao, na mtazamaji akipendezwa aweza kuingia uwanjani akatunza kwa mkono wake.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hii: waende kwa wazee wa mtaa au kijiji chao wakaulize muziki ulilipiwaje zamani, redio ya kwanza ilinunuliwa kwa nini, betri zilipoadimika watu walifanyaje, kisha waandike kwa mwezi mmoja fedha wanazotumia wao wenyewe kwa ajili ya nyimbo, na kando yake waandike ni kiasi gani, kwa kadiri wanavyoweza kujua, kilichomfikia mwimbaji. Pengine safu hiyo ya pili itakuwa tupu. Wataijaza wao wakiwa watu wazima, watunga sheria, wafanyabiashara na wasikilizaji wa kesho.