Sheria ilikesha mlangoni pa sinema, rafu za vitabu zikaachiwa wakutubi

Ukipita Makina au Gatwekera mtaani Kibera, Nairobi, au ukishuka steji ya 46 Kawangware, kibanda cha video hakikupotei. Kuta ni za mabati, mlangoni pana pazia zito, na nje ubao umeandikwa kwa chaki mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Kiingilio ni mbao, yaani shilingi ishirini, pengine chini ya hapo. Siku isiyo na mpira huwekwa filamu ya mapigano iliyotiwa maneno ya msimulizi DJ Afro, na mabenchi hujaa, watoto wakiwa mbele. Ni humu, wala si maktabani, ambamo serikali ya Kenya imehangaika zaidi kuwakinga watoto na picha za ngono.

Mazoea haya yana zaidi ya karne. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na sinema. Baadaye wakaguzi walipima filamu si kwa umri wa mtazamaji tu, bali kwa rangi yake pia. Zipo zilizoruhusiwa kwa Wazungu zikakatazwa kwa Waafrika, na baba mwenye mji wake akachungwa kama mtoto. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilianza kutumika Oktoba 1, 1963, miezi miwili na ushei kabla ya uhuru. Bodi iliyotokana nayo ndiyo leo Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB). Sasa kipimo ni umri: filamu hupewa alama ya GE ikiwa ni ya watu wote, PG ikiwa mtoto anahitaji mwelekezi, kisha 16 na 18.

Vitabu vilipita njia nyingine. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee hadi 1958, hivyo mtoto wa Kibera alizuiwa mlangoni kabla hata ya kuchagua kitabu. Miaka ya 1970 mwandishi David Maillu alipotoa My Dear Bottle na After 4.30, vitabu vya pombe na mapenzi vilivyonunuliwa kama njugu, Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, ilhali Nairobi viliendelea kupita mkono hadi mkono. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kipo, chenye kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi 7,500 kwa anayesambaza machapisho machafu, lakini kinamtazama muuzaji kuliko umri wa msomaji.

Kanda za video zilipoingia mitaani, mzigo wa sheria uliwaangukia wenye vibanda. Likizo za shule zikawa majira ya msako: maafisa wa bodi, polisi na machifu wakikagua leseni na kunyang'anya kanda, kisha diski. Mwenye kibanda alitakiwa kukisia umri wa kijana asiye na kitambulisho, gizani, huku kodi ya chumba ikimsubiri.

Hatua chache kutoka Kibera, katika sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, mambo yalikuwa tofauti. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliiondolea filamu ya Rafiki, ya mapenzi ya wasichana wawili, marufuku ya KFCB kwa siku saba, itazamwe na watu wazima tu. Tiketi ziligombaniwa. Penye mlinzi na tiketi ya bei, umri hukaguliwa kwa urahisi.

Maktaba je? Sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya kuendesha maktaba za taifa, na kazi ya kupanga rafu za watoto na za wakubwa ikawa ya wakutubi wenyewe. Marekani ilichukua mkondo mwingine: sheria ya mwaka 2000 ilizilazimu maktaba zinazopokea ruzuku fulani za serikali kuu kuweka vichujio vya intaneti, na Mahakama ya Juu ikaiidhinisha mwaka 2003. Miaka ya 2010 maktaba ya umma ya Kibera iliwapa watoto tableti za masomo kupitia mradi wa Kids on the Tab. Watoto walizitumia palepale, mkutubi akiwa karibu.

Sheria ya Watoto ya 2001, kifungu cha 15, iliahidi kumkinga mtoto na vitu vichafu popote alipo, na ile ya 2022 ikaishika ahadi hiyo. Lakini simu yenye bando la shilingi kumi haina mlango wa kusimamiwa na chifu. Msako wa vibanda unaweza kuendelea kila Agosti bila kumgusa mtoto aliyejifungia na simu. Kibera na Kawangware zinahitaji meza zaidi za maktaba, na wakutubi wanaowajua watoto kwa majina. Hilo ni suala la bajeti, na kaunti na wizara haziwezi kumsukumia mwenye kibanda.